Uzoefu Wangu wa Kuunganisha Kitabu cha Anwani cha Thunderbird na Seva ya Saraka

Ofisi ninayofanyia kazi ina makao yake jijini Mbeya na matawi Tukuyu, Tunduma, Njombe na Iringa, na watumishi wake huhamishwa mara kwa mara kiasi kwamba orodha ya barua pepe iliyoandaliwa kwenye Excel hupitwa na wakati kabla haijawafikia wote. Kwa hiyo kitengo cha tehama kilipotangaza kwamba majina na anwani zote sasa zinatunzwa kwenye seva moja ya saraka, niliomba kompyuta ya masjala iunganishwe nayo mapema. Programu ya barua pepe ninayotumia ni Thunderbird, ambayo ni ya bure, na mawasiliano yake na seva hupita kwenye itifaki ya LDAP, yaani kanuni za kuuliza na kujibiwa na saraka, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani na ambayo toleo lake la tatu, linalotumika hadi leo, lilitolewa mwaka 1997.

Kuunganisha kwenyewe ni kujaza fomu fupi. Katika dirisha la kitabu cha anwani unaongeza saraka ya LDAP, unaipa jina lolote upendalo, kisha unaandika jina la seva, namba ya poti (mlango wa mawasiliano kwenye seva) na kile kinachoitwa Base DN, yaani sehemu ya saraka ambako utafutaji utaanzia. Hiyo Base DN ndiyo inayowatoa watu jasho, kwa sababu haikisiwi; ni lazima uipate kwa msimamizi wa seva, herufi kwa herufi, na huwa na sura kama ou=watumishi,dc=mfano,dc=or,dc=tz. Pale ambapo seva haimjibu mtu asiyejitambulisha, kama ilivyo kawaida ya Active Directory, saraka ya Microsoft, utajaza pia Bind DN, yaani jina la kujitambulisha kwa seva, na kuulizwa nenosiri.

Ukishahifadhi, utaona saraka tupu, na hapo wengi hudhani kazi imeharibika. Kijana wa dawati la jirani aliniita, "Dada, mbona humu hamna mtu?" Nilimwomba aandike herufi chache kwenye kisanduku cha kutafutia, na majina yakajitokeza. Saraka ya LDAP haimwagi orodha yake yote kwenye skrini, husubiri iulizwe.

Sehemu iliyotusumbua kweli ni usalama. Poti ya kawaida ya LDAP ni 389, na mazungumzo yanayopita hapo bila kufichwa yanaweza kusomwa na yeyote aliye katikati ya mtandao, nenosiri likiwemo, ndiyo maana tehama walituelekeza kutumia poti 636 na kuweka alama kwenye kisanduku cha muunganisho salama. Tulipofanya hivyo utafutaji ukawa haurudishi chochote, na dirisha halikueleza sababu. Ilibainika kwamba cheti cha seva, yaani hati ya kidijitali inayoithibitisha, kilikuwa kimesainiwa na ofisi yenyewe, hivyo kompyuta zetu hazikuwa na msingi wa kukiamini. Fundi aliingiza cheti cha mamlaka ya ofisi kupitia mipangilio ya faragha na usalama, kwenye orodha ya mamlaka za vyeti, na majibu yakaanza kuja. Hata hivyo tawi moja liliendelea kupata ukimya, kwa kuwa huko seva iliandikwa kwa namba yake ya IP badala ya jina lililomo ndani ya cheti. Atakayekutana na ukimya wa namna hiyo aanze kukagua mambo hayo mawili kabla ya kulaumu mtandao.

Faida kubwa naiona ninapoandika barua. Ukiwasha chaguo la seva ya saraka kwenye mipangilio ya uandishi, mapendekezo hutokea mara tu unapoanza kuandika jina la mpokeaji. Lakini huku kwetu majina yana tabia yake: ukiandika "Mwa" unakuwa umewaita akina Mwakalinga, Mwaipopo, Mwambene na nusu ya Rungwe nzima. Thunderbird kwa kawaida hukomea majibu 100, na unayemtafuta anaweza kuwa miongoni mwa walioachwa nje. Kiwango hicho kinaweza kuongezwa kwenye sehemu ya mipangilio ya juu ya saraka, ingawa mimi naona ni heri kuongeza herufi mbili tatu kuliko kuilemea seva. Kwa akina Sanga wa Makete herufi hazisaidii, maana jina la ukoo ni moja kwa wengi. Hapo nafungua kitabu cha anwani nisome cheo na namba ya simu kwanza, ndipo nitume.

Umeme au mtandao unapokatika kuna nakala ya kutumia nje ya mtandao, ambayo unaipakua mwenyewe kwa kubonyeza kitufe kwenye sifa za saraka. Nakala hiyo hutumika tu ukiwa umeiweka programu katika hali ya kufanya kazi nje ya mtandao, na haijisasishi, kwa hiyo inafaa kuipakua upya kila baada ya uhamisho. Aidha, seva zinazotumia OpenLDAP, mojawapo ya programu za kuendesha saraka, hukomea maingizo 500 kwa ombi moja iwapo msimamizi hajabadilisha kikomo hicho. Ofisi kubwa imwombe afanye hivyo, vinginevyo nakala itakuwa pungufu.

Huwezi kurekebisha taarifa za mtu kutoka Thunderbird. Saraka ni ya kusoma tu. Wapo wanaoliona hilo kuwa kasoro, lakini kwa mtu wa masjala ni nafuu, kwani namba ikibadilishwa na mwenye dhamana inaonekana kwa wote. Jambo la kuangalia ni zile anwani ambazo programu ilijikusanyia yenyewe miaka ya nyuma kutokana na barua ulizotuma. Hizo hazifutiki kwa kuunganisha saraka, na huendelea kupendekezwa sambamba na zilizo sahihi, hata kama mhusika alishabadilishiwa anwani. Nimefuta zote za watumishi kwenye kitabu cha pembeni ambamo programu huzihifadhi, na kubakiza za wateja na wazabuni, ambao hawamo kwenye seva.