Play-Doh darasani: donge la kufutia masizi

Wifi yangu katuletea Play-Doh, donge laini la rangi la watoto kufinyangia, kutoka Maskat, pakiti ya makopo manne, nami nikaipeleka kwa watoto wangu wa chekechea. Ukifungua kifuniko tu, harufu inakupokea: vanila, cheri kwa mbali, na chini yake unga wa ngano wenye chumvi. Hasbro, kampuni inayoitengeneza, wameisajili harufu hiyo Marekani, tangu 2018, kuwa alama yao ya biashara.

Lakini kilichonivutia zaidi ni asili yake. Haikutengenezwa kwa ajili ya watoto hata kidogo. Kule Cincinnati, Ohio, kampuni ya Kutol iliuza donge la kusafishia karatasi za ukutani. Nyumba zilipashwa joto kwa makaa ya mawe, masizi yakaganda ukutani, na karatasi zenyewe hazikustahimili maji; ukipitisha donge, masizi yanalifuata. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watu wakahamia gesi, zikaja karatasi za vinaili zinazofutika kwa kitambaa kibichi, na biashara ikadorora. Aliyeinusuru ni mwalimu wa watoto wadogo, Kay Zufall, shemeji yake Joe McVicker wa kampuni hiyo. Alitafuta kitu cha bei nafuu watoto wafinyangie mapambo ya Krismasi, akajaribu lile donge, watoto wakalipenda. Akampa shemeji yake habari. Dawa ya kusafishia ikatolewa, rangi ikatiwa, na jina wakalibuni yeye na mumewe. Ikaingia sokoni 1956. Sifa wamepewa wenye kiwanda. Mimi namsifu mwalimu mwenzangu.

Sasa, kazini ikoje? Ni laini kuliko plastisini yetu ya kawaida, haingoji kukandwa kwanza, kwa hiyo hata mtoto mwenye vidole vizito anasukuma chapati yake. Plastisini inaishinda kwa jambo moja: haikauki. Hii ni unga na maji, ukisahau kifuniko utakuta chenga. Ikianza kukakamaa nadondoshea maji kidogo, nakanda tena. Wachezee mezani, si mkekani, maana ikiingia kwenye ukili ni taabu kuitoa. Asiyepatana na ngano asipewe. Rangi nazo hazikuchukua muda kuchanganyika. Zetu zote sasa ni kahawia, na hakuna mtoto aliyelalamika.

Ningenunua kwa fedha yangu? Kwa mtoto mmoja nyumbani, ndiyo. Kwa darasa zima nakanda mwenyewe: unga wa ngano, chumvi nyingi, mafuta kidogo, maji ya moto na rangi ya chakula.