Kijitabu cha njano cha Ufaransa kabla ya 1789: kinamfaa mwanafunzi wa S.5 (kidato cha tano, Uganda)?

Muhula ukianza, maduka ya fotokopi ya Wandegeya, Kampala, hutundika mlangoni vijitabu vya noti za historia ya Ulaya. Kinachotoka haraka kuliko vingine ni kile chenye jalada la manila ya njano, kinachoeleza Ufaransa chini ya wafalme wa ukoo wa Bourbon, kuanzia Henri IV hadi Mei 1789. Hakina jina la mwandishi. Kina kurasa 56 za A5, kimebanwa kwa pini mbili, na bei ni shilingi 12,000. Ukichukua vitano kwa mpigo unapewa kwa 10,000 kila kimoja. Lugha yake ni Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya mtihani, lakini vikundi vingi vya kujisomea hukijadili kwa Kiswahili, hasa wanafunzi waliotoka Kongo, Kenya na West Nile. Mambo mengine yanayokwenda kombo humo yanatokana na tafsiri hiyo ya papo kwa papo, si na kijitabu chenyewe tu.

Kipimo cha noti za mada hii ni swali moja. Ikiwa mfalme wa Ufaransa aliweza yote, ilikuwaje mwaka 1787 akashindwa kupitisha kodi ya ardhi, na mwaka uliofuata akalazimika kuita Baraza la Madaraja Matatu (makasisi, makabaila na watu wa kawaida) lililokuwa halijakutana tangu 1614? Ukurasa wa 9 unasema neno la mfalme lilikuwa sheria na hakuna aliyethubutu kulipinga. Ukurasa wa 48 unasema majaji wa Paris walikataa kusajili kodi za Louis XVI. Katikati ya kurasa hizo hakuna daraja. Mwanafunzi anayekariri zote mbili ataziandika zote mbili katika insha moja, na msahihishaji ataziona.

Kosa linaanzia kwenye neno lenyewe la mada, absolute monarchy. Kikundi kikitafsiri mada kuwa "ufalme usio na mipaka", tayari kimejibu swali vibaya. Neno la Kilatini lililo nyuma ya absolute lina maana ya aliyefunguliwa, yaani hakuna mwanadamu mwingine duniani mwenye mamlaka ya kumhukumu mfalme. Halina maana kwamba hakuna kinachomfunga. Askofu Bossuet, mtetezi mkubwa wa Louis XIV, alitenganisha waziwazi mamlaka kamili na mamlaka ya kiholela: mfalme hajibu kwa mtu, lakini anajibu kwa Mungu na anatakiwa kuheshimu sheria. "Mamlaka kamili" ni tafsiri salama zaidi. Kijitabu kinamtaja Bossuet kwa hoja ya haki ya kutawala itokayo kwa Mungu tu, kisha kinaruka nusu ya pili ya hoja yake, ambayo ndiyo yenye alama.

Vilevile hakisemi lolote kuhusu sheria za msingi za ufalme, na pengo hilo ni kubwa. Mfalme hakuweza kuchagua mrithi wake, kwa sababu taji lilikwenda kwa mwanamume wa karibu katika ukoo wa kiume, apende asipende. Hakuweza kuuza ardhi ya taji kama mali yake binafsi. Amri ya Moulins ya 1566 ilithibitisha hilo. Alitakiwa kuwa Mkatoliki, ndiyo maana Henri IV aliacha Uprotestanti mwaka 1593. Louis XIV mwenyewe alijaribu mwaka 1714 kuwaingiza kwenye urithi wanawe aliowazaa nje ya ndoa. Alikufa Septemba 1715, na kufikia 1717 amri hiyo ilikuwa imefutwa. Mfano huo mmoja ungetosha kuurekebisha ukurasa wa 9 wote.

Sehemu bora ni ya pili, kurasa 11 hadi 18, inayohusu miaka ya 1661 hadi 1682. Tarehe ziko sawa: waziri mkuu Mazarin alifariki Machi 1661, na Louis XIV, akiwa na miaka 22, akatangaza kwamba hatakuwa na waziri mkuu. Fouquet, msimamizi wa fedha, alikamatwa Nantes Septemba mwaka huohuo, na Colbert akapanda kusimamia fedha. Mfalme na watu wa kasri lake wakahamia rasmi Versailles, nje ya Paris, tarehe 6 Mei 1682. Mwandishi anaeleza vizuri kwa nini kijana huyo aliogopa Paris: machafuko ya Fronde ya 1648 hadi 1653 yalimkuta mtoto, na yaliongozwa na majaji pamoja na makabaila wa damu yake mwenyewe. Anaeleza pia kazi ya Versailles bila porojo za vioo na bustani. Kabaila aliyetaka pensheni, cheo cha jeshi au mchumba mwenye mahari alipaswa kuonekana pale. Asiyeonekana, mfalme alikuwa na jibu fupi juu yake, kwamba hamjui. Kurasa hizo nane zinafaa kusomwa kama zilivyo.

Ukurasa wa 19 ndipo panapoingia ile kauli ya "Dola ni mimi", inayodaiwa kuwa ya Louis XIV, ikiwa na tarehe 13 Aprili 1655 mbele ya majaji wa Paris. Ifute kwa kalamu. Siku hiyo Louis XIV alikwenda kweli kuwakemea majaji, lakini kumbukumbu za kikao hazina maneno hayo. Anayetaka kauli ya kuweka kwenye insha ana mbili zenye mizizi. Machi 1766 Louis XV aliwaambia majaji wa Paris kwamba mamlaka kuu imo katika nafsi yake peke yake. Novemba 1787 Louis XVI, alipopingwa na binamu yake Duki wa Orléans, alijibu kwamba jambo ni halali kwa sababu yeye ametaka. Angalia nani anazungumza na lini. Wafalme hao wawili walitamka hivyo wakiwa wamebanwa, na kauli kubwa namna hiyo ni dalili ya kubishiwa.

Sasa parlement, mahali vikundi vya Kiswahili vinapoumia zaidi. Parlement si bunge. Hakuna aliyepigiwa kura, hakuna jimbo, hakuna mbunge. Ilikuwa mahakama kuu ya rufaa, na kufikia mwisho wa utawala huo zilikuwa 13, ya Paris ikiwa na eneo kubwa kuliko zote. Zaidi ya kesi, zilikuwa na kazi ya kusajili amri za mfalme ili zitumike katika eneo lao. Kijitabu kina mstari mmoja tu juu ya hatua hizo, nao umepindishwa. Zinakwenda hivi. Amri huandikwa katika halmashauri ya mfalme na kutiwa muhuri na chansela, waziri wa sheria wa mfalme. Hupelekwa kwa majaji kusajiliwa. Wakiona ina kasoro, huandika pingamizi la heshima kwa mfalme. Mfalme anaweza kurekebisha, au kutuma barua ya kuwaamuru wasajili. Wakikaa kimya au kuandika tena, mfalme huja mwenyewe, huketi juu ya mito chini ya pazia kwenye kona ya ukumbi, na amri husajiliwa mbele yake. Mantiki ya kikao hicho ni kwamba majaji wanatumia mamlaka ya kuazimwa. Mwenyewe akiingia, ya kuazimwa inalala.

Kwa hiyo mfalme alishinda daima? Kwenye karatasi, ndiyo. Mwaka 1673 Louis XIV aliamuru majaji wasajili kwanza na walalamike baadaye, na kwa miaka zaidi ya 40 walinyamaza. Lakini alipokufa, Mtawala wa muda Philippe wa Orléans alihitaji majaji hao wabatilishe masharti ya wosia wa marehemu yaliyombana, na akawalipa kwa kuwarudishia haki ya kupinga kwanza. Kijitabu hakina neno hata moja juu ya biashara hiyo ya 1715, na bila hiyo ukurasa wa 48 unaonekana kama muujiza. Mwaka 1771 chansela Maupeou aliwavunja nguvu tena. Mwaka 1774 Louis XVI akawarudisha. Agosti 1787 akawasajilishia kodi kwa nguvu huko Versailles, wao wakatangaza kesho yake kwamba usajili huo ni batili, naye akawafukuzia Troyes.

Msomaji atauliza kwa nini hakuwaachisha kazi tu. Jibu liko kwenye fedha, nalo ni jambo ambalo kijitabu kinaliita "rushwa" na kupita. Nafasi ya ujaji ilinunuliwa, na tangu 1604 mwenye nafasi aliyelipa kila mwaka sehemu moja ya 60 ya thamani yake aliweza kumrithisha mwanawe. Haikuwa rushwa. Ilikuwa mali halali yenye stakabadhi, na serikali ilikwisha kula fedha zake. Ukitaka kumwondoa jaji, umrudishie bei aliyolipa, na hazina haina. Mfalme alijitafutia mkopo kwa kuuza mamlaka, kisha mamlaka hiyo ikamkalia kinyume.

Ndipo anapoingia intendanti, afisa wa mfalme mkoani, na hapa kijitabu kina mfano mzuri kweli: kinamlinganisha na RDC, mteule wa Rais anayekaa wilayani. Mlinganisho unashika pale panapohusika uteuzi. Intendanti aliteuliwa na mfalme, hakununua nafasi, na aliweza kuondolewa kwa barua moja. Unalegea kwenye ukubwa wa kazi, maana intendanti alishika pamoja haki, usalama na fedha za jimbo zima, akiwa na makarani wachache, na majimbo hayo yalikuwa zaidi ya 30 katika nchi yenye watu takriban milioni 20 wakati wa Louis XIV. Asingeweza kutawala bila kuelewana na makabaila wa pale. Mwanafunzi wa Buganda ana mfano ulio karibu zaidi, ambao mwandishi ameuacha: bataka, wakuu wa koo wenye heshima ya kurithi, na batongole walioteuliwa na Kabaka na kumtegemea yeye. Wa pili hawakuwafuta wa kwanza; waliwekwa kando yao.

Sura ya kodi, kurasa 27 hadi 36, ina majedwali mazuri ila imechanganya aina mbili. Taille ilikuwa kodi ya moja kwa moja, na makabaila na makasisi walisamehewa. Lakini si kweli kwamba hawakulipa chochote, kama jedwali la ukurasa wa 30 linavyosema: kodi ya vichwa ya 1695 na ile ya asilimia tano ya 1749 ziliwagusa makabaila pia, ingawa walijipunguzia kwa kujuana. Makasisi walijadiliana "zawadi ya hiari" yao wenyewe. Mikoa kama Bretagne na Languedoc ilikuwa na mabaraza yake yaliyokaa mezani na mfalme kuhusu kiasi.

Gabelle, kodi ya chumvi, imepewa mistari mitano, na ilistahili ukurasa. Nchi iligawanywa kanda sita, bei ya chumvi ikipishana zaidi ya mara kumi kati ya jirani na jirani. Katika kanda nzito, yenye kodi kubwa kuliko zote, kanuni ya 1680 iliwalazimisha watu kununua: kipimo kimoja cha takriban ratili 100 kwa kila watu 14 waliozidi miaka 8, yaani kama ratili saba kwa kichwa kwa mwaka, na chumvi hiyo ilikuwa ya chungu na ya mezani tu, si ya kukaushia nyama. Bretagne ilisamehewa, kwa hiyo mpaka wake na mkoa jirani wa Maine ukageuka njia ya magendo, neno lisilohitaji maelezo Uganda. Waliokusanya hawakuwa watumishi wa serikali bali kampuni ya matajiri waliolipa hazina kwanza kisha wakajirudishia kwa wananchi, kama tenda ya ushuru wa soko.

Barua za siri za kufunga watu zimeelezwa kwa chumvi nyingi. Zilikuwepo, na zilimfunga mtu bila kesi. Lakini nyingi ziliombwa na familia zilizotaka kumfungia mwana mlevi au mke aliyetoroka. Bastille ilipoangushwa 14 Julai 1789 ilikuwa na wafungwa saba.

Ukurasa wa 44 unailaumu Versailles kwa kufilisi nchi. Mwaka 1788 gharama za kasri la mfalme zilikuwa takriban asilimia 6 ya matumizi. Riba na malipo ya madeni, mengi yakitokana na vita, yalichukua takriban nusu. Andika takwimu hizo mbili pembeni kwa wino mwekundu.

Kuhusu uchapaji: nakala nyingi zimetolewa kutoka nakala nyingine, si kutoka chapa ya kwanza, na kurasa 31 hadi 34 hufifia. Fungua hapo kabla ya kulipa. Ramani ya kanda za chumvi ni doa la kijivu. Ichore upya kwa rangi kwenye karatasi ya A4 na uibandike ndani ya jalada la nyuma. Pini za kati hulegea baada ya wiki tatu za kupitishana darasani, na ukurasa wa 28 na 29 ndio wa kwanza kudondoka. Kuweka spairo ni shilingi 3,000 kwenye maduka hayohayo. Omba watoboe karibu na ukingo, maana mashine ikiwekwa ndani sana hutoboa safu ya tarehe upande wa kushoto.