Botox pembeni mwa mshono mpya: ninavyoitumia Malindi, na ninapoikataa

Nyota nne kwa paji la uso na katikati ya nyusi, tatu kwa kidevu, moja kwa tumbo. Dawa ni ileile, alama zinatofautiana kwa sababu Botox, yaani sumu ya botulinamu, haitibu kovu. Kazi yake ni kuulegeza msuli usivute kingo za kidonda kila mtu anapokunja uso au kutafuna, maana kidonda kinachovutwavutwa huishia na kovu pana. Pasipo na msuli unaovuta, umenunua maji ya bei ghali.

Kwa hiyo kabla ya kutaja bei humwambia mtu akunje uso, apandishe nyusi, atabasamu. Ngozi pembeni mwa mshono ikicheza, tunaendelea na mazungumzo. Isipocheza, basi. Ndewe ya sikio iliyoota keloidi, kovu linalovimba na kuvuka kidonda, baada ya kutogwa haina msuli wa maana. Hapo triamsinoloni, dawa ya steroidi, ya kuchoma ndani ya kovu kila baada ya wiki nne hivi ndiyo inayotangulia. Mshono wa kujifungulia nao unakaa juu ya msuli mnene wa tumbo ambao hakuna atakayekubali kuulegeza kwa ajili ya urembo. Begani na gotini sichomi kabisa.

Dawa ilikubaliwa Marekani mwaka 1989 kwa makengeza na kope zinazojifunga zenyewe, na 2002 kwa mikunjo ya katikati ya nyusi. Kovu la upasuaji halimo kwenye karatasi ya dawa, na mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo kabla ya kutoa mfuko. Sababu ya kuiamini kwa uso ni jaribio la Mayo Clinic lililochapishwa 2006: wagonjwa 31 wenye majeraha ya paji la uso, nusu walipewa dawa na nusu maji ya chumvi, na waliopangia makovu alama hawakujua nani ni nani. Waliopata dawa walitoka na makovu mazuri zaidi. Ni watu wachache, lakini kazi ilifanywa kwa uangalifu.

Wakati wa kuchoma ndio unaowakosesha wengi. Msuli huanza kulegea baada ya siku mbili tatu, na hufika kilele karibu wiki ya pili. Nyuzi za usoni hutolewa siku ya 5 hadi ya 7, wakati kidonda hakijapata hata asilimia 10 ya nguvu ya ngozi nzima. Ukichoma siku ileile ya kushona, msuli unalala pale nyuzi zinapotoka. Ukingoja miezi mitatu kovu likiwa limeshatanuka, umechelewa. Nguvu ya dawa huisha baada ya miezi mitatu hadi minne, na kwa kawaida sirudii.

Kuchanganya: kichupa cha yuniti 100 hutiwa mililita 2 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, cha 50 hutiwa mililita 1. Kichupa kizima kina ombwe, kwa hiyo maji hufyonzwa yenyewe sindano ikishapenya. Yasipofyonzwa, tupa. Usikitikise, kizungushe taratibu viganjani. Hapo kila mililita 0.1 ina yuniti 5. Natumia sirinji ya insulini ya nusu mililita, na hapa ndipo watu huumia: alama zake ni za insulini, si za Botox. Kwa mchanganyiko huu alama moja ni nusu yuniti. Kidonda cha sentimita 4 huanza na yuniti 20, yaani alama 40, zikigawanywa sindano nane za alama tano tano, nne kila upande, nusu sentimita hadi sentimita moja kutoka ukingoni. Spiriti iachwe ikauke kabisa kabla ya kuchoma, maana huweza kuiharibu dawa.

Usihamishe hesabu hiyo kwenda kampuni nyingine. Mikunjo ya katikati ya nyusi huchomwa yuniti 20 za Botox lakini 50 za Dysport.

Kinachoharibika zaidi huku kwetu ni ubaridi. Kichupa cha Botox hukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na kutoka Mombasa ni kama kilomita 120 za jua. Kibebeo kile cha chanjo kinafaa, mradi barafu imeanza kutoa jasho na kichupa kimefungwa kitambaa kisiiguse. Nyumbani kiweke katikati ya friji, si mlangoni, na ujaze chupa za maji rafu ya chini, stima ikikatika zishikilie baridi. Xeomin, sumu ileile ya kampuni nyingine, huvumilia joto la chumba hadi nyuzi 25 kabla ya kufunguliwa, ila kwa Malindi mwezi wa tatu chumba kisicho na AC hakifiki hapo chini.

Kikishachanganywa, tumia ndani ya saa 24. Kichupa ni cha mgonjwa mmoja. Kuna wanaogawa kimoja wiki nzima kwa watu watano, ndiyo maana bei yao ni tamu. Omba ufunguliwe kichupa mbele yako, usome jina, tarehe na namba ya toleo, na uulize kama kimesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu.

Kosa la kuchoma chini mno ni nyusi au kope kushuka. Kwenye paji la uso sishuki chini ya sentimita 2 juu ya nyusi. Kope likishuka huonekana ndani ya wiki mbili na hujirudi baada ya wiki kadhaa. Kidevuni kosa dogo hupindisha mdomo, ndiyo maana nyota ni tatu. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa misuli kudhoofika, mwenye kidonda chenye usaha, hao sichomi. Anayechomwa gentamisini, ile antibiotiki, naye angoje, dawa hiyo huikuza nguvu ya sumu.

Siku ile usisugue, usilale kifudifudi, wala usikaze mtandio kichwani. Kesho yake mtandio uliolegea ni kinga nzuri ya jua. Liwa na mafuta ya nazi vingoje ngozi ifunge, wiki mbili au tatu, na baharini vivyo hivyo. Ngozi ikishafunga, bandika karatasi ya silikoni saa 12 au zaidi kwa siku, miezi mitatu. Mwenye pesa ya kitu kimoja tu namwambia aanze na hiyo silikoni, hata kama kidonda kiko katikati ya nyusi.