Kalenda ya ukutani ya wiki 52, kwa mwanatriatloni asiye na kocha

Kalenda hii ni karatasi moja pana iliyofunikwa plastiki. Unaiandikia kwa maka peni na kuifuta kwa kitambaa. Ina mistari 52. Kila mstari ni wiki moja, Jumatatu hadi Jumapili, na tarehe unazijaza mwenyewe. Mwishoni mwa kila mstari kuna kisanduku kitupu. Juu kabisa pameachwa nafasi iliyoandikwa "Lengo la mwaka". Haina maneno ya kutia moyo wala picha ya mtu anayekata utepe. Nimekaa nayo ukutani msimu mzima na nimeipenda kwa dhati, ingawa zipo sehemu ambazo walioitengeneza wanapaswa kuzirekebisha.

Ujue kwanza nani anaisifia. Mimi ni muuguzi wa zamu, nashiriki triatloni, yaani kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, katika makundi ya umri, na masafa yangu ni ile nusu ya masafa marefu: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90, kukimbia 21.1. Sina kocha. Saa zangu za mazoezi kwa wiki zinacheza kati ya sita na kumi, kutegemea zamu. Mipango mingi ya mazoezi inayopatikana bure imeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye kila wiki yake inafanana na nyingine, na mimi simjui mtu huyo. Kati ya wanamichezo wa ridhaa ninaokutana nao majini na barabarani, yuko anayelea watoto wadogo, yuko anayesafiri kikazi, yuko anayefunga mahesabu kila mwisho wa mwezi.

Kalenda za kawaida hugawa mwaka kwa miezi. Mwezi una maana kwa mwenye nyumba na kwa mlipa mishahara, mwili hauujui. Mazoezi ya ustahimilivu huenda kwa mzunguko wa wiki: wiki mbili au tatu za kuongeza mzigo, kisha moja ya kuupunguza ili mwili upone na kuimarika. Kwenye kalenda ya miezi mzunguko huo unakatwa na ukurasa. Hapa unateremka nao kwa jicho. Wiki za kupunguza nimezipaka kijani, na kwa kuwa umri wangu umeniongezea muda wa kupona, nimetoka kwenye mzunguko wa wiki nne nikaingia wa wiki tatu. Kufuta na kupaka upya hakukuchukua hata muda wa kikombe kupoa.

Kitu cha kwanza nilichoandika juu yake hakikuwa shindano. Nilichukua maka peni nyeusi nikapaka wiki zote za zamu za usiku, kisha wiki za mitihani ya binti yangu, kisha wiki ya harusi ya mdogo wangu. Zaidi ya robo ya mwaka ikawa nyeusi kabla sijaandika zoezi lolote. Katika wiki hizo bado natoka, natembeza miguu, naogelea kidogo, lakini siziingizi kwenye hesabu ya wiki za kuongeza mzigo. Kupanga ni kuchagua, na mimi naona uchaguzi wa kwanza ni kuzitaja wiki ambazo si zako. Mtu anayepanga kwa wiki 52 wakati anazo chini ya 40 atafika katikati ya mwaka akidhani ni mvivu, kumbe alikuwa anadaiwa wiki ambazo hakuwahi kuwa nazo.

Baada ya hapo ndipo nikaweka mashindano, kwa herufi ambazo wanatriatloni wengi wanazifahamu. A ni shindano ambalo mwaka mzima unajengwa kulielekea. B ni lile unalotaka kufanya vizuri ila hulibadilishii mpango. C ni zoezi gumu lenye namba kiunoni. Kwa mtu wa saa zangu A ni moja, labda mbili zikiwa mbalimbali sana. Kutoka kwenye A nikahesabu kurudi juu. Wiki mbili za mwisho ni za kupunguza: kiasi cha mazoezi kinashuka hadi karibu nusu lakini makali yanabaki, kwa kuwa kinachotakiwa kuondoka ni uchovu. Juu yake wiki nane za mazoezi yanayofanana na shindano lenyewe, baiskeli ndefu kwa kasi ya siku ile, kisha kushuka na kukimbia papo hapo miguu ikiwa bado mizito. Juu ya hapo ni msingi, yaani kipindi cha kujenga ustahimilivu, mrefu kadiri nafasi inavyoruhusu.

Kwa kuhesabu hivyo niliona wazi kwamba shindano nililokuwa nalitamani lingeangukia mara tu baada ya mfululizo wa zamu za usiku, na wiki zangu nane za maana zingekuwa nusu nyeusi. Nikachagua jingine la mbele zaidi. Hakuna grafu ya programu ya simu iliyowahi kunionyesha jambo hilo mapema kiasi hicho.

Kuna kanuni moja iliyonifanya nitilie mkazo mwaka huu, na nashangaa wangapi hawaijui: katika triatloni umri wako huhesabiwa kufikia tarehe 31 Desemba ya mwaka wa shindano. Natimiza miaka 50 mwezi wa Novemba, lakini tangu shindano la kwanza la mwaka nimo katika kundi la 50 hadi 54. Anayekaribia umri unaoishia na 0 au 5 aliangalie hilo kabla hajaandika lengo la nafasi, maana anahama kundi na kuwa miongoni mwa wadogo wake.

Sasa ile nafasi ya "Lengo la mwaka". Ni mstari mmoja, na hapo ndipo ilipo kasoro kubwa ya kalenda. Ukimpa mwanatriatloni mstari mmoja ataandika muda. Mimi niliandika "Chini ya saa 6" na sijautoa, kwa sababu naupenda na unaniamsha. Lakini muda haukuambii Jumanne ufanye nini. Tena hauko wote mikononi mwako: kuna upepo, joto, mawimbi, na milima ya njia yenyewe. Ilinibidi nibandike karatasi pembeni na kufanya hesabu ambayo kalenda ingepaswa kuiachia nafasi.

Hesabu yenyewe ni hii, na naiweka kwa ukamilifu kwa kuwa ndiyo iliyoamua mwaka wangu. Majini nilijipima kwa njia inayojulikana: ogelea mita 400 kwa nguvu zako zote, pumzika vizuri, ogelea 200, toa muda wa pili kwenye wa kwanza, gawa kwa mbili. Nilipata dakika 8:00 na 3:48. Tofauti ni 4:12, nusu yake ni 2:06 kwa kila mita 100. Kwa mwendo huo kilomita 1.9 ni dakika 39:54. Baiskeli, kwa kilomita 28 kwa saa, 90 ni saa 3 na dakika 12:51. Kukimbia kwa dakika 6 kila kilomita, 21.1 ni saa 2 na dakika 6:36. Ongeza dakika 8 za kubadilisha nguo na vifaa, jumla inapita saa 6 na dakika 7.

Halafu nikajiuliza kila mchezo unaweza kurudisha nini. Nikishusha kuogelea hadi 2:00 kwa mita 100, kazi inayoweza kula miezi kwa mtu aliyejifunza ukubwani kama mimi, nitaokoa dakika 1:54. Nikishusha kukimbia hadi 5:45 nitaokoa kama dakika 5 na robo. Nikipandisha baiskeli kutoka 28 hadi 30 nitaokoa dakika 12:51, na hizo peke yake zinanifikisha saa 5 na dakika 54, mradi kasi hiyo itoke kwenye miguu iliyojengwa wakati wa msingi. Ikitoka kwenye kujikamua siku ya shindano, italipwa mara mbili kwenye kilomita za mwisho za kukimbia.

Sisemi kuogelea kuachwe. Anayetoka majini akiwa hoi hupoteza kwenye baiskeli zaidi ya alichopata, na kwa waliojifunza ukubwani hofu ya maji yasiyo na ukuta wala mstari chini ni mzigo halisi unaostahili lengo lake. Lengo langu la kuogelea nimeliandika kwa maneno: nimalize umbali wote kwenye maji ya wazi bila kusimama, nikiinua macho kutafuta boya na kurudi kwenye pumzi yangu bila pupa. Siku nilipolitimiza niliwaambia wote zamuni.

Hapo ndipo kile kisanduku kitupu mwishoni mwa wiki kilipoonyesha thamani. Nimeona wenzangu wamekijaza kilomita, uzito, mapigo ya moyo ya asubuhi, saa za kulala, hadi hakisomeki. Mimi naandika kitu kimoja tu: saa za baiskeli. Nilijiwekea zifike nne kila wiki isiyo nyeusi wala ya kijani. Wiki ikifika naandika kwa bluu, isipofika kwa nyekundu. Huhitaji kusoma maelezo ya mazoezi ya miezi mitatu iliyopita. Unasimama mbele ya safu ile ukaona wekundu umeanzia wapi. Mwezi wa tatu wekundu ulifuatana, na nikagundua kwamba ulianza wiki ileile kazini walipobadilisha saa ya kuanza zamu ya asubuhi. Nikahamishia baiskeli jioni na safu ikarudi bluu. Hilo lilikuwa tatizo la ratiba, na bila safu ile ningelitafuta miguuni.

Faida nyingine sikuitarajia, na kwangu imekuwa kubwa kuliko zote. Kalenda inaonwa na kila mtu nyumbani. Mazoezi ya mtu wa ridhaa hukopa muda wa wengine, na mara nyingi mkopo huo hutolewa bila mkopeshaji kuambiwa ni wa kiasi gani na utaisha lini. Mume wangu alipoona zile wiki nane zimezungushiwa duara alisema, "Kumbe ni hizi tu? Hizi nazimudu." Kabla ya hapo alidhani Jumamosi ndefu ni za mwaka mzima. Binti yangu naye alisogeza sherehe yake wiki moja, mwenyewe, bila kuombwa, baada ya kuona ilikuwa imeangukia siku ya shindano la B. Mimi nami nimezifanya wiki za kijani kuwa zao kweli: baiskeli inabaki ukutani na Jumamosi naamka nao.

Programu za simu sijaziacha. TrainingPeaks, kwa mfano, hukokotoa mzigo wa mazoezi kwa pointi, ambapo saa moja kwenye kizingiti chako, yaani kasi kali kabisa unayoweza kuishikilia kwa kama saa moja, ni pointi 100, kisha wastani wa siku 42 unaonyesha ukakamavu na wa siku 7 unaonyesha uchovu. Kwa kujua leo nimechoka kiasi gani na kesho nifanye nini, karatasi haifiki hata karibu. Lakini skrini ya simu ni ndogo kwa mwaka, na simu yangu ni yangu peke yangu. Vyote viwili vinakaa vizuri pamoja: kwenye simu wiki, ukutani mwaka.

Kuhusu ubora wa kitu chenyewe: plastiki ni nene na haijajikunja pembeni. Wino ukikaa miezi huacha kivuli ambacho kitambaa chenye maji hakikitoi. Spiriti kidogo inakitoa. Tepu ya kubandikia waliyoiweka ni dhaifu, nimetumia misumari. Kutokuwa na tarehe ni uamuzi mzuri sana, kwa sababu mwaka wa mazoezi si lazima uanze Januari. Wangu unaanza wiki chache baada ya shindano la A, nikishamaliza kipindi cha kupumzika bila ratiba, na mstari wa kwanza nimeuandika tarehe hiyo.

Nani asiinunue? Mwenye kocha anayempangia kila siku haihitaji, na anayehama nyumba kila baada ya miezi michache ataichoka kuibeba. Anayeanza kabisa, mwenye ndoto ya kumaliza masafa mafupi ya mita 750, kilomita 20 na kilomita 5, nadhani mistari 52 itamtisha bure; miezi mitatu kwenye daftari inamtosha. Lakini kwa mtu aliyekwisha kumaliza mashindano kadhaa, ana kazi na familia, na anaona kila mwaka unamponyoka katikati, naipendekeza bila kusita.

Kwa toleo lijalo nina maombi mawili kwa watengenezaji. Nafasi ya lengo iwe na mistari minne: mmoja wa mwaka, na mmoja kwa kila mchezo. Na waongeze mstari wa 53, kwa sababu ipo miaka, kama 2026, ambayo kwa hesabu ya wiki zinazoanza Jumatatu ina wiki 53, na anayeijaza kuanzia Januari atakosa pa kuandika wiki ya mwisho.