Diski za breki za kupeleka uwanja wa mbio za magari: tazama mapezi ya ndani kabla ya kutoa pesa

Dirhamu 650 zilinitoka Januari kwa jozi ya diski za mbele za Subaru yangu, Impreza STI ya 2006. Nilinunua Sharjah, Industrial Area, kwenye yale maduka ya spea ambako wafanyabiashara wa Kirinyaga Road na wa Gerezani huja kujaza makontena. Diski zenyewe zilikuwa na matundu, zina michirizi, zimepakwa rangi ya dhahabu. Muuzaji, mtu wa kwetu pwani, akaniambia: "Dada, hizi ndizo wanazochukua watu wa mbio."

Jumamosi nikaenda nazo Dubai Autodrome, uwanja wa mbio za magari. Mzunguko wa tano pedali ikaanza kuzama, na kila nikikanyaga gari linavuta kushoto. Nikarudi gereji, nikangoja zipoe, nikavua magurudumu. Pedi, yaani kile kipande kinachobana diski, ya kushoto ilikuwa imebaki milimita 8, ya kulia milimita 4. Kwenye diski ya kulia nyufa nyembamba kama unywele zilikuwa zimetoka tundu hadi tundu, na ufa mmoja umefika ukingoni.

Nikachukua tochi nikamulika ule uwazi ulio kati ya sahani mbili za diski. Humo ndani mna mapezi, na kwenye diski zangu yalikuwa yamepinda. Nikahamia upande wa pili nikamulika tena. Yamepinda vilevile, kuelekea upande uleule, na namba iliyogongwa kwenye chuma ni ileile. Yaani nimeuziwa diski mbili za kushoto.

Hapa ndipo ninapotaka mkae nami, maana kipenyo na unene kila mtu atakwambia (kwa STI yenye breki za Brembo, mbele ni milimita 326 kwa 30, basi). Diski yenye uwazi ndani ni pampu ya hewa. Hewa inaingia karibu na habu, yaani kitovu cha gurudumu, gurudumu likizunguka inasukumwa nje kupitia mapezi, na inaondoka na joto. Mapezi yaliyopinda yanatakiwa yalale kinyume na mzunguko. Funga diski, simama kando ya gari, utazame sehemu ya juu kabisa: ncha ya nje ya pezi iwe imelalia nyuma ya gari. Ikiwa imelalia mbele, pampu yako inafanya kazi kinyumenyume, na upande huo utapika pedi. Na usihukumu kwa michirizi ya usoni. Michirizi huchongwa baadaye kwenye mashine na inaweza kugeuzwa ili kushoto na kulia zionekane pacha, huku chuma kilichotoka kwenye kalibu ni kimoja. Nimeona hivyo hata kwenye boksi za bei ya juu.

Mtu wa barabarani anaweza kuishi miaka na kosa hili asijue. Uwanjani hapana. Gari la kilo 1,500 likishuka kutoka kilomita 200 kwa saa hadi 80, breki zinameza nishati ya kuchemsha karibu lita 6 za maji kutoka nyuzi 20, ndani ya sekunde 4 hivi. Halafu kona inayofuata unaanza tena, na siku za joto nje hewa yenyewe ni nyuzi 35.

Sasa nipange diski za kununua, kuanzia ninayoipenda zaidi.

Ya kwanza kwangu ni DBA, ya Australia, aina ya 4000 yenye michirizi ya T3, na sifichi kwamba ninaipenda. Ndani yake hakuna mapezi marefu. Kuna vinguzo 144, vingine umbo la almasi, vingine la tone la maji, kwa hiyo hakuna kushoto wala kulia, na fundi hawezi kuikosea. Kitu cha pili ni alama tatu za rangi ukingoni: ya kijani hugeuka nyuzi 457, ya chungwa nyuzi 550, nyekundu nyuzi 630, na zikishageuka hazirudi. Baada ya siku moja Autodrome, alama yangu ya chungwa ilikuwa imegeuka, nyekundu bado. Hapo nikajua pedi za kiwango gani ninunue, bila kubahatisha. Jozi ya mbele ilinigharimu kama dirhamu 2,000.

Ya pili ni diski za vipande viwili, kofia (sehemu ya katikati inayokaa kwenye habu) ya alumini na pete ya chuma cha kusubu, kama za Girodisc au AP Racing. Pete inatanuka kwa joto bila kuvutana na kofia, gari linapungua uzito pale panapohisiwa zaidi, na pete ikichakaa unabadilisha pete peke yake. Kwa anayekwenda kila mwezi ndiyo sahihi. Nimezipa nafasi ya pili kwa sababu ya bei, na kwa sababu nyingi zina mapezi yaliyopinda: agiza kushoto na kulia kwa namba zao, uzikague zote mbili.

Ya tatu ni diski tambarare, zisizo na tundu wala mchirizi: Brembo, au Dixcel HD iliyopitishwa kwenye moto. Ukienda uwanjani mara mbili kwa mwaka, chukua hizi, na pesa inayobaki itie kwenye pedi na mafuta ya breki mapya.

Za matundu za bei rahisi, acheni.

Kwa diski za magurudumu ya nyuma, jambo moja tu: ndani ya kofia ya diski ya STI mna ngoma ya breki ya mkono, na kuna za milimita 170 na za 190. Pima yako kabla ya kuagiza.

Kinachoniuma ni namna tunavyouziwa. Unauliza bei, unaambiwa njoo inbox. Unauliza mapezi, unaambiwa "saizi ni moja, dada". Niliporudi na diski yenye ufa, muuzaji alinijibu kwamba ningeendesha taratibu. Na diski moja ya namna hii ni karibu kilo 10. Ndugu yangu wa Nairobi au Dar akishalipia mzigo wa ndege, atairudisha kwa nani? Ndiyo maana nawaomba, kabla hamjatuma hata senti, dai picha mbili: diski ya kushoto na ya kulia zimesimamishwa sambamba, tochi imewashwa nyuma, mapezi yanaonekana. Anayekataa kupiga picha hiyo, nenda duka la pili.