Corsair CX650 kwenye PC yangu ya kwanza ya gemu, na umeme wetu huu wa Uyole, Mbeya

Nimeunga PC yangu ya kwanza, prosesa ya Ryzen 5 5600 na kadi ya picha ya RTX 3060, na aisee kilichonisumbua kichwa sio kadi wala prosesa, ni pawa saplai, kile kiboksi kinachochukua umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya PC. Kadi ukishajua bajeti yako mambo yameisha. Ila pawa saplai kila mtu ana lake, fundi mmoja pale Mwanjelwa anakwambia chukua yoyote ilimradi feni inazunguka, mwingine anakwambia bila wati 850 hiyo PC itakuzimikia katikati ya gemu, na dukani unakuta boksi lina picha ya simba anatema moto limeandikwa 600W kwa bei ya kuku wawili wa kienyeji.

Hesabu yenyewe sio ngumu. 3060 inakula wati 170, 5600 imeandikwa 65 ukiikamua inapita hapo kidogo, weka bodi, ramu, SSD na mafeni, unacheza kwenye 300 hivi. Nvidia wenyewe, wenye hiyo RTX, wanashauri pawa saplai ya 550 kwa hiyo kadi, na sio kwamba wanazidisha tu, hizi kadi kuna sekunde zinavuta ghafla kuliko wastani wake. Mi nikaenda 650, hii Corsair CX650, ili ibaki nafasi.

Sasa pa kuwa makini ni hapa. Namba kubwa ya kwenye boksi achana nayo, itoe pawa saplai yenyewe, soma stika ya ubavuni, tafuta mstari wa 12V (volti 12) uone ampea ngapi halafu zidisha kwa 12, maana kadi na prosesa vyote vinakula huko. Ile ya simba ilikuwa na ampea 20, yaani wati 240 tu, zilizobaki kama zipo basi wamezijazia kwenye 5V na 3.3V ambako PC ya gemu haina shughuli kubwa napo. CX650 ina ampea 54, unapata 648, karibu yote. Halafu ile ya simba nyepesi kama boksi tupu, na nyuma ina ile swichi nyekundu ya kuchagua 115 au 230, ukiiona hiyo jua ni teknolojia ya zamani.

Na wengi wanachanganya hii alama ya 80 Plus Bronze. Hiyo inapima tu umeme kiasi gani unapotea njiani, yaani PC ikitaka 300 kutoka kwenye saplai yenye ufanisi wa asilimia 85, ukutani unavuta kama 353 na tofauti inageuka joto. Haikwambii kama kitu ni imara au kina ulinzi wa shoti, hayo unaangalia kivyake.

Kilichonifanya niipende zaidi CX650 ni kwamba inapokea kuanzia volti 100 mpaka 240 yenyewe bila swichi. Huku kwetu jioni watu wakiwasha majiko na pasi taa zinafifia unaona kabisa, jirani yangu mwenye saplai ya bei chee PC yake inajiwasha upya, yangu inaendelea tu kama hakuna kilichotokea. Ila radi ni habari nyingine, mvua zikianza Novemba kukiwa na ngurumo mi nachomoa ukutani, sitegemei ulinzi wa kifaa chochote hapo.

UPS, lile boksi la betri linaloshikilia PC umeme ukikatika, pia angalia. Zile za 650VA uwezo wake halisi ni chini ya wati 400, kwa hiyo inakutosha kusevu gemu na kuzima, sio kumalizia mechi. Uliza na kama inatoa umeme wa mawimbi laini, kuna saplai za kisasa zikikutana na UPS ya mawimbi ya ngazi zinagoma pale umeme unapohamia kwenye betri.

Kingine hakuna aliyeniambia: hizi nyumba za kupanga nyingi soketi haina ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, ukigusa kesi ya chuma na mkono mtupu unahisi inakuwasha-washa. Sio kwamba saplai ni mbovu, ndani kuna chujio linalopeleka umeme kidogo sana kwenye kesi ya chuma likitegemea waya wa ethi uuchukue, usipokuwepo unauchukua wewe. Nilimwita fundi umeme akachimbia ethi, kimya mpaka leo.

Kelele hamna, kwa baridi yetu ya Julai feni siisikii kabisa. Nisichokipenda ni waya, hazichomoki, zote zimetoka pamoja, na kwenye kesi ndogo kama yangu zile usizotumia inabidi uzibanebane nyuma ya bodi. Waranti ni miaka 5 kwenye karatasi lakini ukinunua Kariakoo ikapanda basi mpaka huku, muulize muuzaji kabla hujalipa nani anabeba nauli ikirudi.

Baadae nikipata hela nataka RTX 4070, inakula 200 na Nvidia wanashauri 650, kwa hiyo hii hii itabaki.