Karamu isiyo na pilau: Desemba yangu pale Karamu House, Cleveland

Jirani yangu ndiye aliyeanza. Ni mama wa Kikongo, mzaliwa wa Uvira, tunakaa jengo moja, na zamu zetu za usiku hutukutanisha ngazini, mmoja anatoka mwingine anarudi. Siku hiyo kanisimamisha na karatasi mkononi. "Dada, hii ni kalamu ya kuandikia ao karamu ya kula?"

Nikasoma: Karamu House. Msimu wa Desemba, maigizo na nyimbo za Wamarekani Weusi. Nikamwambia ni ile ya kula. Akasema basi twende.

Nalisema mapema kwa Mswahili mwenzangu atakayeliona jina lile akaanza kumeza mate: usiku ule hatukula kitu. Karamu House ni jumba la sanaa, liko mtaa wa Fairfax, pale East 89th inapokutana na Quincy. Wanaigiza, wanafundisha watoto ngoma na uigizaji, na linahesabiwa kuwa jumba kongwe kuliko yote ya maigizo ya watu weusi Marekani. Lilianzishwa 1915 na mke na mume Wazungu, Russell na Rowena Jelliffe, wametoka tu masomoni, wakafungua nyumba ya jamii katika mtaa uliokuwa ukijaa watu weusi waliohama kutoka kusini. Zamani hizo ukumbi wa kuigizia uliomweka mweusi na mweupe bega kwa bega haukuwa kitu cha kawaida. Hao wawili waliuacha mlango wazi kwa wote.

Jina ndilo lililonitafuna. Huku watu wengi wanadhani limetoka kwenye Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi ya mwisho wa Desemba, kwa kuwa Kwanzaa nayo ina "Karamu" yake. Sivyo. Kwanzaa ilibuniwa na Maulana Karenga huko California mwaka 1966. Ukumbi wa Cleveland uliitwa Karamu mwaka 1927, na kufikia 1941 nyumba nzima ikachukua jina hilo. Hebu fikiria, 1927! Hata ile kamati ya kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki ilikuwa haijaundwa, iliundwa 1930. Bibi zetu Tanga walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na huku kando ya Ziwa Erie kuna watu wameshakitundika mlangoni. Wenyewe wanalitafsiri neno hilo kama mahali pa kukutania kwa furaha. Nilitaka kusahihisha, nikajizuia. Karamu na ukarimu ni ndugu wa tumbo moja, na mzee aliyetupokea mlangoni, aliyenivua koti lenye theluji kama ananipokea mkwe, alikuwa analijua neno hilo kuliko mimi niliyezaliwa nalo.

Theluji, ndiyo. Ushauri wa bure: nilishuka treni ya laini nyekundu kituo cha East 105th na Quincy, nikajiambia si mbali, nikatembea na viatu vya raba. Usifanye hivyo. Nilifika sizisikii nyayo. Jirani yangu, aliyeomba lifti kwa muumini mwenzake, alifika mkavu na kitenge chake kimenyooka.

Tuliangalia Black Nativity, mchezo wa kuzaliwa kwa Yesu, ambao hapa Karamu umekuwa desturi ya Desemba kwa miaka mingi. Ni kazi ya mshairi mweusi Langston Hughes, na ilianza kuchezwa New York mwaka 1961. Hughes si mgeni Cleveland. Alimaliza sekondari ya Central mwaka 1920, na nyumbani kwa kina Jelliffe alikuwa anaingia toka ujanani. Miaka ya 1930 kundi la hapa, Gilpin Players, likacheza tamthilia zake. (Gilpin ni Charles Gilpin, mwigizaji mweusi aliyewatembelea akawatia moyo, nao wakajipa jina lake.)

Sasa, mimi ni Mwislamu, nilikwenda na mtandio wangu, na sitaficha kwamba nilijiuliza kama nitakaa vizuri katika kisa cha Krismasi. Maneno ya kusemwa ni machache. Kisa kinabebwa na nyimbo za injili, na Bi Maryam na Yusufu wanacheza, hawasemi. Ikafika saa ya uchungu. Yule binti alianguka chini, akainuka, akajipinda, ngoma inampiga mgongoni, hakuna anayeimba. Chuoni Tanga tulisomeshwa Surat Maryam, uchungu ulivyompeleka kwenye shina la mtende akatamani angekufa kabla ya hayo. Nimeisoma aya ile tangu utoto wangu. Siku ile ndiyo nilimwona anayeisema. Nililia, na sikuwa peke yangu. Jirani yangu alikuwa ameshaweka leso machoni zamani.

Sehemu ya pili inageuka kuwa kanisa. Kama unapenda onyesho la kukaa kimya mikono mapajani, hapa utahangaika. Watu wanaitikia, wanapiga makofi ya kupishana, wanasimama kabla wimbo haujafika mwisho, mama wa mstari wa mbele anamwambia mwimbaji aendelee, asiache, aseme tena. Mimi ni mtoto wa Tanga, mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu. Kwetu mwimbaji akikukuna huwezi kukaa: unanyanyuka, unacheza taratibu hadi mbele, unamtunza. Kulikuwa na mama mmoja mwenye sauti nzito, kaimba akaishusha mpaka tumboni. Nikajikuta nimeshakunja dola tano vidoleni na nimesimama. Jirani alinivuta kanzu. "Kaa, dada! Kaa kwanza!" Nikakaa. Hadi leo nadhani ile pesa ilikuwa haki ya yule mama.

Usitegemee kukisikia Kiswahili kikizungumzwa. Kiko ukutani, basi. Na Kiingereza cha jukwaani ni kile cha kusini, kinachomeza viishio; dakika kumi za mwanzo nilikuwa nakamata neno moja moja kama kuku anayedonoa. Baadaye sikio lilizoea, au niliacha kuhangaika, sijui lipi.

Tarehe 31 tukaalikwa pengine, ukumbi wa chini wa kanisa fulani, kusherehekea siku ya sita ya Kwanzaa. Kijana mmoja akasimama, akapaza sauti: "Habari gani?" Nami, kwa furaha ya kusikia lugha ya mama, nikajibu kabla ya mtu mwingine yeyote, "Njema, alhamdulillahi!" Ukumbi wote ukajibu, "Kuumba!" Kumbe kwenye Kwanzaa kila siku ina msingi wake, na jibu ni msingi wa siku hiyo. Kuna Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba na Imani. Walicheka, nikacheka. Kisha wakaleta kinara cha mishumaa saba, mweusi katikati, mitatu myekundu upande huu, mitatu ya kijani upande ule, mkeka, na mahindi mazima kwenye magunzi yake, wanayoyaita "muhindi". Jirani yangu aligeuza shingo mlangoni kumtafuta Mhindi mwenyewe anayeingia.

Binti wa kama miaka tisa aliniuliza kama nasema vizuri, au wao ndio wanasema vizuri. Nilimwambia sote. Alionekana hajaridhika, na kusema kweli lilikuwa jibu la mtu mzima anayekwepa.

Hapo sasa tulikula. Kunde na wali, mboga za majani zilizopikwa mpaka zikalegea, mkate wa mahindi. Jirani alikuwa amebeba sufuria la sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na mimi nilikuwa nimekaanga vitumbua alfajiri baada ya zamu, bila kulala. Bibi mmoja mwenye fimbo alionja sombe, akakaa kimya kidogo, akauliza ni majani gani. Akaambiwa. Akajaza sahani, akamwita mwanawe aje naye ajaze.

Sufuria la sombe lilirudi tupu. Vitumbua vyangu vilibaki sita, jirani akavila njiani, huku akinieleza kwamba sukari ilikuwa kidogo.